Nyota ya Almasi na Ng'ombe Watatu

Katika nishani zote za Muungano wa Kisovieti, hakuna iliyoifikia Nishani ya Ushindi kwa thamani: nyota ya platinamu na rubi, iliyopambwa kwa almasi zaidi ya 150. Ilianzishwa mwaka 1943 kwa makamanda waliogeuza mkondo wa vita, ikatolewa mara 20 tu. Wa mwisho kuvikwa alikuwa Leonid Brezhnev, mwaka 1978, vita ikiwa imekwisha zamani. Mwaka 1989, yeye akiwa kaburini, akavuliwa.

Nishani kongwe ya Urusi, ya kabla ya Wasovieti, ni ya Mtakatifu Andrea, ya mfalme Peter Mkuu, 1698. Inayonigusa zaidi ni ya Kisovieti, ya Mama Shujaa: tangu 1944 ilitolewa kwa mama aliyezaa na kulea watoto 10 au zaidi, na wanawake zaidi ya 400,000 waliipata. Pale Uyole, Mbeya, mama wa namna hiyo utamkuta alfajiri, ndoo ya viazi kichwani, mtoto mgongoni. Hakuna anayempigia saluti.

Kwetu, heshima ya Moscow ilimfikia Mwalimu Nyerere: Tuzo ya Amani ya Lenin, ya 1985–86. Mandela, aliyetangazwa 1990, ndiye aliyeifunga orodha.

Lakini tuzo ya ushujaa ninayoiweka mbele ya zote ni ya Uhehe. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, karibu na Iringa, mashujaa wa Mtwa Mkwawa waliuvamia msafara wa Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski. Kamanda huyo alikuwa juu ya punda. Inasimuliwa kwamba alishawaangusha watu kwa bastola yake, ndipo kijana wa miaka 16 akamchoma mkuki ubavuni. Mkwawa akamtunuku ng'ombe watatu. Mnara uliopo Lugalo hadi leo walijengewa Wajerumani.

Wajerumani nao walitangaza zawadi yao: rupia 5,000 kwa kichwa cha Mkwawa. Julai 1898, alipozingirwa, alijipiga risasi mwenyewe, na kichwa kikakatwa kikapelekwa Ujerumani. Fuvu hilo likaja kutajwa katika kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919, ambacho kiliipa Ujerumani miezi sita kulirudisha. Lilifika Kalenga tarehe 19 Juni 1954, baada ya miaka 35, nalo liko pale makumbusho, ndani ya kioo.