TUWASOME VIZIWI: LUGHA YAO, HISTORIA YAO NA HAKI YAO KWETU

 

Katika toleo hili tumeona ni vyema tueleze jambo ambalo wengi wetu hulipita njiani bila kulitazama, nalo ni habari za viziwi. Kila mtaa una kiziwi wake. Tunamjua kwa sura, tunamsalimia kwa kichwa, kisha mazungumzo yanaishia hapo. Hatujui anafikiri nini, wala hatujui kwamba wenzake wana lugha, desturi na historia ndefu. Asiyeweza kuwajua kwa mazungumzo anaweza kuanza kuwajua kwa kusoma, na makala hii ni mlango tu.

KIZIWI SI MTU ASIYE NA AKILI

Mtu huwa kiziwi kwa sababu nyingi. Wapo wanaozaliwa hivyo kwa urithi, wapo ambao mama zao waliugua wakati wa ujauzito, na wapo waliopoteza usikivu utotoni baada ya homa ya uti wa mgongo, surua, matumbwitumbwi au ugonjwa wa masikio usiotibiwa. Baadhi ya dawa nazo zikizidi kipimo hudhuru masikio. Hizi ni sababu za mwili. Wanaosema ni mkosi wa ukoo au ni kazi ya mchawi wanaidhulumu familia na wanamdhulumu mtoto.

Kiziwi asiyesema mara nyingi hana kasoro yoyote ya ulimi. Hasemi kwa sababu hajawahi kusikia maneno ya kuiga. Kwa sababu hiyo viziwi wengi nchini hawapendi kuitwa "bubu". Wao wenyewe wamechagua jina la kiziwi, na chama chao kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA). Sisi tuliokatazwa katika Suratul Hujurat kuitana kwa majina mabaya tunapaswa kuwa wa kwanza kulizingatia hilo.

Hapa kuna jambo la kuangalia. Mwanafunzi anayesoma tafsiri ya Qur'an hukutana na aya zinazowataja watu kuwa ni viziwi, mabubu na vipofu. Asiyefundishwa anaweza kudhani kuwa viziwi wanalaumiwa. Sivyo. Aya hizo zinawasema watu wenye masikio mazima walioikataa haki, na Suratul Hajj imebainisha kuwa upofu wenyewe ni wa nyoyo.

LUGHA YA ALAMA NI LUGHA KAMILI

Watu wengi hudhani kuwa lugha ya alama ni Kiswahili kilichogeuzwa kuwa cha mikono, au ni kuigiza tu. Mwaka 1960 mtaalamu William Stokoe, aliyekuwa akifundisha katika chuo cha viziwi cha Gallaudet huko Marekani, alionyesha kuwa sivyo. Alama hujengwa na vipande vidogo kama neno linavyojengwa na sauti: umbo la kiganja, mahali kinapowekwa na namna kinavyokwenda. Ukibadilisha kimoja, maana hubadilika. Uso nao una sarufi yake. Nyusi zikiinuliwa huweza kuifanya sentensi kuwa swali.

Tena hakuna lugha moja ya alama ya dunia nzima. Yetu huitwa Lugha ya Alama ya Tanzania, kwa kifupi LAT, na kamusi yake iliyoandaliwa na Henry Muzale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitolewa mwaka 2004.

Lugha hizi hazikuletwa na mtu mmoja. Huzaliwa pale viziwi wanapokutana. Mfano mmoja ni Waislamu wa Kibedui wa Al-Sayyid, katika jangwa la Negev. Watafiti walioandika habari zao mwaka 2005 walikuta viziwi wapatao 150 kati ya watu 3,500, na katika muda wa kama miaka 70 jamii hiyo ilikuwa imejiundia lugha yake ya alama. Hata wenye kusikia wengi waliitumia, na kiziwi hakuwa mgeni nyumbani kwao.

DESTURI ZA VIZIWI

Palipo na lugha pana desturi. Kwa ufupi tutaje chache:

(i) Kiziwi huitwa kwa kupungiwa mkono, kuguswa bega, kupiga mguu sakafuni au kuwasha na kuzima taa. Kumgusa hivyo si utovu wa adabu.

(ii) Kumtazama usoni ni heshima. Ukigeuza macho anapozungumza, umemkatiza, sawa na mtu aliyeziba masikio.

(iii) Kila mtu hupewa jina la alama na viziwi wenzake, aghalabu kwa sura au tabia yake. Mtu hajipi mwenyewe.

(iv) Hupongezana kwa kuinua mikono na kuitikisa hewani, badala ya kupiga makofi.

Desturi hizi zina njia yake ya kurithiwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wenye uziwi wamezaliwa na wazazi wanaosikia. Basi mtoto hawezi kuirithi lugha hii kwa mama yake kama sisi tulivyorithi Kigogo, Kirangi au Kinyaturu. Huipata kwa viziwi wenzake, hasa shuleni na bwenini. Ndiyo maana historia ya viziwi kwa sehemu kubwa ni historia ya shule zao.

VIZIWI KATIKA HISTORIA YETU WAISLAMU

Kabla ya shule hizo, elimu yetu wenyewe imewataja viziwi. Sisi tunaofuata madhehebu ya Imam Shafi tunapaswa kumjua Abul Abbas Al-Asamm wa Nishapur, aliyezaliwa mwaka 247 Hijria na kufariki mwaka 346. "Al-Asamm" maana yake ni kiziwi. Alisafiri kutafuta hadithi akiwa kijana, akasoma kwa Rabii bin Sulayman, mwanafunzi wa Imam Shafi. Aliporejea kwao akapatwa na uziwi, ukazidi hata akawa hasikii mlio wa punda. Hakuacha kufundisha. Hadithi za Musnad ya Imam Shafi zimetufikia kwa njia yake. Uzeeni alipofuka pia, na wanafunzi waliotaka kupokea kwake walimtia kalamu mkononi. Akiigusa alijua wanataka nini, naye huwasomea hadithi 14 na visa 7 alivyovihifadhi. Kiziwi huyu alikuwa mnyororo wa elimu, na tungemweka kando, mnyororo ungekatika.

Mafaqihi nao hawakumsahau kiziwi. Imam Nawawi ameeleza katika Minhaj kuwa ishara ya asiyesema katika kufunga mkataba ni sawa na tamko. Sheria za Dola ya Uthmaniyya zilizokusanywa kati ya mwaka 1869 na 1876, ziitwazo Majalla, ziliweka kanuni kama hiyo katika kifungu cha 70. Kwa hiyo ishara yenye kufahamika inabeba biashara na ndoa. Qur'an yenyewe imetusimulia kuwa Nabii Zakariya (A.S.) alisema na watu kwa ishara siku tatu, na Bibi Maryam alimwashiria mtoto badala ya kujibu kwa maneno.

Katika kasri la masultani wa Uthmaniyya mjini Istanbul, watumishi viziwi walikuwepo tangu karne ya 15. Kwa kuwa kelele mbele ya sultani zilihesabiwa kuwa ni kukosa adabu, alama zao zikawa lugha ya barazani, na masultani wenyewe wakajifunza.

SHULE, NA MARUFUKU YA MWAKA 1880

Katika Ulaya, padri aitwaye de l'Épée alianza kuwafundisha viziwi mjini Paris karibu na mwaka 1760, akitumia alama walizokuwa nazo. Shule zikaenea, na viziwi wenyewe wakawa walimu. Kisha mwaka 1880 ukafanyika mkutano wa walimu mjini Milan, Italia. Karibu wajumbe wote walikuwa watu wanaosikia. Wakaamua kuwa viziwi wafundishwe kwa kusema na kusoma midomo, na alama ziachwe. Walimu viziwi wengi walikosa kazi, na watoto katika shule nyingi waliadhibiwa kwa kutumia mikono yao. Ilichukua miaka 130 mpaka mkutano wa Vancouver, Kanada, mwaka 2010 ulipoyakataa maazimio hayo na kueleza majuto. Uamuzi juu ya viziwi uliochukuliwa bila viziwi uliwaharibia masomo watoto wa vizazi vingi.

Barani Afrika, kiziwi mweusi kutoka Marekani, Andrew Foster, alifungua shule nchini Ghana mwaka 1957. Mpaka alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1987 zilikuwa zimeanzishwa shule zaidi ya 30 katika nchi 13.

NYANDA ZETU ZA KATI

Hapa kwetu, nyanda za kati zina nafasi ya pekee. Shule ya kwanza ya wasioona nchini ilianzishwa Buigiri, mkoani Dodoma, mwaka 1950. Shule ya kwanza ya viziwi ilifunguliwa Tabora mwaka 1963 na Kanisa Katoliki. Ikafuata ya Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974, na ya Mwanga, Kilimanjaro, mwaka 1981. Kwa kuwa shule zilikuwa mbali mbali, watoto wa kila shule walijiundia alama zao, hata zile ambazo walimu walikataza alama darasani. Ikawa nchi moja ina lugha za alama kadhaa, zipatazo saba kwa hesabu ya watafiti. CHAVITA, iliyoandikishwa mwaka 1984, ikaanza kazi ya kuzikusanya ili viziwi wa mikoa yote waelewane.

Majirani zetu nao wamepiga hatua. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inataka lugha ya alama iendelezwe, na mwaka 1996 kiziwi, Alex Ndeezi, akaingia Bungeni. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya lugha ya alama kuwa lugha rasmi ya Bunge. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Mkataba huo unautaja utamaduni wa viziwi kwa jina lake.

KITABU NA KIZIWI

Huenda mtu akasema: kama hasikii, si asome tu? Jambo hili si jepesi hivyo. Litazame neno "hawakunipa". Ndani yake mna kukanusha, wao, wakati uliopita, mimi, na kitendo cha kupa. Mtoto anayesikia amelipata neno hilo kwa masikio kabla ya kushika kalamu. Kwa mtoto kiziwi Kiswahili ni lugha ya pili, nayo ameiona karatasini tu. Akiwa hana lugha ya kwanza ya kueleweshwa, atanakili herufi nzuri ubaoni bila kujua maana yake. Akiwa na lugha ya alama, mwalimu humweleza kwayo, naye husoma kama wengine.

Basi mfikirie mtoto kiziwi wa kijijini, iwe Bahi, Kondoa au Manyoni. Nyumbani wana ishara za kula, kulala, maji na ng'ombe. Hawana ishara za kumweleza babu yake alikuwa nani, wala kwa nini watu hawali mchana wa Ramadhani. Anasimama safuni, anainama wanapoinama, na hakuna aliyemwambia anamsujudia nani. Madrasa zetu zimejengwa juu ya masikio: mwalimu anasoma, mwanafunzi anarudia. Mtoto huyu hubaki nje ya mlango, na dhima ya elimu yake iko shingoni mwetu.

Wenzetu wameonyesha kuwa inawezekana. Mjini Yogyakarta, Indonesia, madrasa ya bweni ya viziwi iitwayo Darul Ashom ilianzishwa mwaka 2019, na wanafunzi wake husoma Qur'an kwa alama za vidole za herufi za Kiarabu.

TUSOMEJE?

Ukipata kitabu kuhusu viziwi, kiulize mambo matatu. Kwanza, nani amekiandika: kiziwi mwenyewe, au mtu anayesikia? Kitabu cha Padden na Humphries cha mwaka 1988 juu ya viziwi wa Marekani kiliandikwa na viziwi wawili, na ndani yake uziwi hauelezwi kama pengo bali kama maisha. Pili, je, viziwi waliulizwa? Tatu, kinawaita kwa jina gani?

Baada ya kusoma, jifunze japo kidogo. Anza na herufi za vidole na salamu, na mwalimu wako awe kiziwi wa mtaani kwako, kwa kuwa kamusi haiwezi kukuonyesha mwendo wa mkono wala uso. Mwenye nia ya ualimu ajue kuwa Chuo cha Patandi, Arusha, hufundisha walimu wa elimu maalumu. Mwenye ndugu kiziwi nyumbani awahimize wazazi wampeleke shule mapema, maana miaka ya kuota lugha haingoji.

HITIMISHO

Wanafunzi wetu, katika Suratu Rum Mwenyezi Mungu ametaja tofauti za lugha zetu kuwa ni katika ishara zake. Lugha isemwayo kwa mikono nayo ni katika tofauti hizo. Tukiisoma tutawapata majirani ambao tumeishi nao miaka mingi bila kuzungumza nao, na huenda miongoni mwa watoto wao yumo Al-Asamm mwingine anayengoja kufundishwa.

Wabillahi tawfiq.