Fedha za Darasa ni Amana

 

Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu twalidhani ni la Serikali na waalimu peke yao, kumbe latuhusu sisi wenye watoto kabla ya mtu mwingine yeyote. Nalo ni zile fedha kidogo kidogo zinazotolewa kwa ajili ya madarasa ya skuli za umma, fedha za kununulia vitabu, chaki, karatasi, ramani na vifaa vingine vya kusomeshea.

Kazi yetu sisi ni kusomesha chuoni. Watoto wanaotujia alasiri ndio hao hao wanaokwenda skuli asubuhi, na mambo ya skuli hutufikia kwa vinywa vyao. Mwaka mmoja walikuja kwa furaha wakatwambia, "Mwalimu, leo tumeletewa vitabu vipya!" Tukafurahi pamoja nao. Miezi ikapita. Siku moja tulimtaka mmoja wao atusomee habari fupi ya Kiswahili, akashindwa. Tukamwuliza, "Kwani vile vitabu vipya hamvisomi?" Akajibu kwa unyonge, "Vimo kabatini, mwalimu. Vimefungiwa visije vikachanika."

Hatuna haki ya kumlaumu mwalimu mkuu peke yake. Yeye alichelea kuulizwa juu ya kitabu kilichopotea, na hakuna aliyepata kumwuliza juu ya mtoto asiyejua kusoma. Na sisi, tuseme kweli, tulikuwa na kosa letu. Tuliposikia kwamba skuli imeletewa fedha na vitabu, mchango tuliokuwa tukiutoa tuliuzuia, tukasema, "Sasa mambo yamekaa sawa." Wala hatukwenda hata siku moja kutazama. Ndiyo maana leo twaandika haya, ili mwenzetu asirudie kosa letu.

FEDHA ZENYEWE NI KIASI GANI?

Mwaka 2003, hapa Kenya, Serikali ilipoondoa ada katika skuli za msingi, ilikadiria shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Katika hizo, shilingi 650 zilikuwa za vitabu na vifaa vya kusomea, na shilingi 370 za matumizi mengine ya skuli. Kwa darasa la watoto 50 basi, fungu la vitabu na vifaa lilikuwa shilingi 32,500 kwa mwaka mzima. Jirani zetu wa Tanzania nao, ada ilipoondolewa tena kuanzia Januari 2016, kiasi kilichowekwa kwa mtoto wa skuli ya msingi kilikuwa shilingi 10,000 za Kitanzania kwa mwaka, na katika hizo 4,000 zilikuwa za vitabu vinavyonunuliwa na Serikali yenyewe, na 6,000 za kupelekwa skulini.

Ukizigawa fedha hizi kwa siku za masomo, utaona kwamba mtoto mmoja hupata kitu kidogo mno. Basi kitu kilicho kidogo namna hii kikipungua njiani, au kikitumiwa pasipo mahala pake, hubaki nini? Tajiri aliyepoteza shilingi mia huenda asijue. Maskini aliyepoteza kumi hulala na njaa.

MARADHI YA KWANZA: FEDHA KUPOTEA NJIANI

Katika nchi ya Uganda ulifanywa uchunguzi wa skuli 250 za msingi, ukatazama fedha zilizotolewa na Serikali kwa ajili ya wanafunzi tangu mwaka 1991 mpaka 1995. Ikaonekana kwamba, kwa wastani, katika kila shilingi 100 zilizotoka, zilizofika skulini zilikuwa 13 tu, na skuli nyingi hazikupata kitu kabisa. Fedha zilikuwa zikiliwa au zikigeuziwa kazi nyingine katika ofisi za wilaya. Na wazee wa watoto hawakulalamika, kwani hawakujua kwamba kuna haki yao iliyopotea.

Ilipojulikana hivyo, Serikali ile ilianza kutangaza katika magazeti kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na skuli zikaamrishwa kubandika ukutani hesabu ya zilichopokea, ili kila apitaye asome. Ilipofika mwaka 2001, zilizokuwa zikifika skulini zilizidi 80 katika kila 100. Hatusemi kwamba karatasi ya ukutani peke yake ndiyo iliyofanya kazi hiyo, kwani yalikuwako na matengenezo mengine. Lakini hapana shaka kwamba mwenye kula gizani hakupenda taa iwashwe.

Na sisi Waislamu jambo hili lisitushangaze. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani tukufu, katika Sura ya Baqara, ni aya inayohusu kuandika deni na kulishuhudilia. Basi ikiwa ndugu wawili wanaopendana wameamrishwa waandike, itakuwaje fedha za watoto mia tano, wasio na uwezo wa kujisemea, ziende bila ya kuandikwa wala kushuhudiwa? Kumwuliza mtu hesabu si kumtukana. Mwaminifu hufurahi kuulizwa, kwani kwa kuulizwa ndipo uaminifu wake unapojulikana.

MARADHI YA PILI: FEDHA KUFIKA NA MTOTO ASIFAIDI

Tusidhani kwamba fedha zikifika salama kazi imekwisha. Katika miaka ya 1990, upande wa magharibi wa Kenya, katika sehemu za Busia, baadhi ya skuli zilipewa vitabu na baadhi zikaachwa kwanza, ili ijulikane vitabu vimeleta faida gani. Ikaonekana kwamba waliofaidi ni watoto waliokuwa wakifahamu vizuri tangu mwanzo. Wale wengine, nao ndio wengi, hawakuendelea kuliko wenzao wasiopewa. Sababu iliyotajwa ni kwamba vitabu vile vilikuwa kwa Kiingereza, na kwa wengi wao Kiingereza kilikuwa lugha ya tatu.

Tena mwaka 2013 na 2014, katika nchi ya Tanzania, skuli 350 za umma zilitiwa katika majaribio makubwa. Baadhi yao zilipewa fedha za matumizi, shilingi 10,000 kwa kila mtoto. Nyingine waalimu wake waliahidiwa bakhshishi kwa kila mtoto atakayefaulu mtihani. Nyingine zilipata yote mawili, na zilizobaki hazikupewa kitu. Baada ya miaka miwili, skuli zilizopewa fedha tu, watoto wake hawakuonekana kuzidi wenzao katika kusoma wala katika hesabu. Zilizofaidi zaidi kuliko zote ni zile zilizopata fedha pamoja na waalimu wenye kutiwa hima.

Hapa lipo funzo. Kitabu hakisomeshi, wala chaki haisomeshi. Anayesomesha ni mwalimu, na kitabu ni chombo mkononi mwake. Mnunulie fundi randa mpya, kisha asipokuwa na hamu ya kazi, mbao zitabaki na miiba ile ile. Lakini fundi mwenye hamu asiye na randa, naye atafanya nini? Vyote viwili vyahitajiana.

MARADHI YA TATU: WAZAZI KUONDOA MKONO

Maradhi haya ndiyo yaliyotupata sisi wenyewe. Huko Zambia, mnamo miaka ya mwanzo ya 2000, ilichunguzwa hali ya skuli zilizokuwa zikipata fedha ambazo wazazi walijua mapema kwamba zitakuja. Ikaonekana kwamba wazazi walipunguza matumizi yao ya nyumbani kwa ajili ya masomo, na mwisho watoto hawakupata faida iliyotarajiwa. Lakini pale fedha zilipokuja bila ya kutarajiwa, wazazi hawakuwahi kuondoa mkono, na watoto wakaendelea mbele.

Hatusemi kwamba mzazi maskini amefanya dhambi kwa kununua unga kwa fedha ya daftari. Mwenye njaa hana lawama. Lakini wako miongoni mwetu wanaopunguza fedha ya daftari na kuzidisha fedha ya mirungi na ya mazungumzo ya barazani. Hao twawaambia kwa mapenzi: msaada ulikuja kuongeza juu ya mkono wako, haukuja kuwa badala yake.

NAMNA ILIYO NJEMA

Sasa tutazame namna fedha ndogo inavyoweza kuleta manufaa. Mwaka 2000, mwalimu wa skuli ya umma katika mtaa wa Bronx, mjini New York, aitwaye Charles Best, aliona kwamba yeye na wenzake wananunua karatasi na vitabu vya darasani kwa fedha zao wenyewe, na huku wako watu wenye kupenda kusaidia ila hawajui fedha zao zitakwenda wapi. Akaanzisha chama kiitwacho DonorsChoose. Mwalimu huandika hasa anachokihitaji kwa darasa lake na sababu yake, na anayetaka kusaidia huchagua. Fedha hazitiwi mkononi mwa mwalimu, bali chama hununua vitu vyenyewe na kuvipeleka skulini, kisha mwalimu huleta habari ya namna vilivyotumika.

Kama Marekani, nchi yenye mali nyingi, waalimu wake wahitaji msaada wa namna hii, sisi tusione haya. Na utaratibu wenyewe si mgeni kwetu. Wazee wetu wa pwani walikuwa wakiweka minazi yao kuwa wakfu wa msikiti, na wakfu una msimamizi, na msimamizi huulizwa. Hayo ndiyo tunayoyataka kwa darasa: kitu kinachojulikana, kazi inayojulikana, na mtu wa kuulizwa.

Basi twatoa shauri letu. Ewe mzee mwenye mtoto, nenda skulini mara moja katika kila muhula. Usiende kwa ugomvi. Toa salamu, uliza skuli imepokea nini na imenunua nini, na uombe ibandikwe ukutani. Kisha rudi nyumbani umwite mwanao, umwambie akusomee ukurasa mmoja wa kitabu kilichonunuliwa, kwani hiyo ndiyo hesabu ya kweli. Nanyi kina mama, msingoje baba atoke kazini, kwani nyinyi ndio mnaojua kama daftari limeandikwa au ni jeupe.

Enyi waalimu ndugu zetu, fungueni makabati. Kitabu kilichochanika kwa kusomwa kimefanya kazi yake, na kilichobaki kipya kwa miaka mitatu kimepotea ijapokuwa kipo. Mkihitaji kitu kidogo, karatasi ngumu za kuandikia herufi, au vizibo vya soda vya kuhesabia, semeni waziwazi ni kitu gani na cha watoto wangapi, na watu wa mtaa watawasikiliza.

Nanyi vijana mliokwisha pata kazi, kumbukeni darasa mlilokalia sakafu. Watu kumi wakichanga kila mtu kiasi anachokiweza, wakamwuliza mwalimu mmoja haja yake na wakainunua wenyewe, watakuwa wamefanya sadaka ambayo mtoto atakayejifunza kusoma kwa ajili yake ataendelea kuitumia maisha yake yote.

Ama yule mtoto wetu wa kabatini, wazazi wachache tulikwenda kuzungumza na skuli kwa wema, na vitabu vikatolewa, kila watoto watatu kitabu kimoja. Vingine vimekwisha chanika majalada, na mama mmoja amevishona kwa uzi. Mtoto mwenyewe sasa husoma, ingawa bado polepole. Miezi ile iliyopotea hatuwezi kumrudishia, nasi twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe kwa hiyo, na atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kuchunga amana. Amin.