Bibi wa Kilambo Ndani ya Kompyuta

Wanafunzi wa ustawi wa jamii wamezoea igizo dhima: mmoja anakuwa afisa, mwenzake mteja, darasa linacheka. Kasoro ni kwamba mteja huyo ni rafiki yako. Hujafika swali la tatu, ameshakuhurumia. Madaktari waliiona mapema. Mwaka 1963 Howard Barrows, huko Los Angeles, alianza kumfundisha mtu mwenye afya njema ajifanye mgonjwa mbele ya wanafunzi. Mwaka 1972 Kenneth Colby wa Chuo Kikuu cha Stanford akaunda PARRY, programu iliyojibu kama mgonjwa anayemshuku kila mtu. Akili mnemba ya leo, ikiigiza mteja, ina tatizo lake: inasema kupita kiasi.

Chukua kisa cha kubuni cha Kilambo, kwenye njia ya kuvukia mto Ruvuma. Palma, upande wa Msumbiji, iliposhambuliwa Machi 2021, maelfu walikimbia, baadhi wakavuka mto kuja Tanzania. Kimakonde kinasemwa kote kuwili na ndugu wako ng'ambo zote. Bibi analea mjukuu ambaye mama yake hajulikani alipo. Mashine inamwigiza bibi huyo; mwanafunzi anaandika: "Shikamoo bibi. Mtoto anaishi na nani?" Mashine ikiachwa ilivyo, itamwaga yote kwa mkupuo: mama, vita, hofu, na ushauri juu. Bibi wa kweli angejibu, "Marahaba. Anaishi hapa hapa nyumbani," kisha angeuliza wewe ni mtoto wa nani.

Kwa hiyo kazi kubwa ni ya mwalimu anayeandika maelekezo. Aeleze bibi anaficha nini na kwa nini: anaogopa mtoto atachukuliwa. Aweke masharti. Mama asitajwe mpaka mgeni aulizie korosho na afya; maswali mawili yakija pamoja, bibi ajibu lile jepesi; akibanwa, aage. Na kwa kuwa mazungumzo yote yamebaki kwenye maandishi, mwalimu anaweza kumwonyesha mwanafunzi mstari alipoanza kumpoteza bibi.

Kimya hakipatikani humo, maana mashine hujibu papo hapo. Kukaa mkekani na mtu asiyesema kitu utajifunza kwenye mafunzo kwa vitendo, kando ya afisa mzoefu.

Tena kisa kiwe cha kubuni kwelikweli. Ukibandika faili la familia halisi ukafuta majina tu, kijijini kila mtu atamjua bibi anayelea mtoto wa ng'ambo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti.