Prosesa Mpya, Kadi ya Zamani: Nani Anamsubiri Nani?

Nina kadi ya grafiki ya miaka kumi iliyopita; nikiweka prosesa yenye kasi zaidi, gemu itakimbia? Swali hili halikosekani popote penye vijana na kompyuta za kuchezea, na Morogoro, mji wenye wanafunzi wa SUA na Mzumbe waliojaa kwenye vyumba vya kupanga, una vijana wa aina hiyo wa kutosha. Muuzaji mwenye prosesa mezani atajibu ndiyo. Si kwamba anadanganya. Amejibu nusu ya swali.

Kila fremu unayoiona kwenye skrini imepita mikono miwili. Prosesa huamua nini kimetokea: mpira umeelekea wapi, gari limegonga nini, adui amejibanza nyuma ya mlango upi. Ikishaamua, inaandika maagizo na kuyapeleka kwa kadi, nayo kadi inachora. Wakati kadi inachora fremu hii, prosesa tayari inaandaa ile inayofuata, kwa hiyo anayechelewa kati ya hao wawili ndiye anayepanga mwendo wa wote.

Tupige hesabu. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kila fremu imepewa milisekunde 16.7 tu. Tuseme prosesa yako inamaliza sehemu yake kwa milisekunde 12, na kadi inatumia 25. Utapata fremu 40. Sasa nunua prosesa inayomaliza kwa milisekunde 7. Bado ni fremu 40 zile zile, ila umeilipa prosesa ikae muda mrefu zaidi bila kazi.

Wenyeji wa mji huu wanaujua mfano wake. Tangu treni ya umeme ya SGR ianze kubeba abiria kutoka Dar es Salaam Juni 2024, anayekuja kupanda kilele cha Lupanga anafika mapema kuliko alipokuwa akiteremka kwenye basi Msamvu. Reli ile imejengwa kwa mwendo wa hadi kilometa 160 kwa saa. Lakini Uluguru ni ile ile: kutoka mjini kwenda juu ni miguu yako na pumzi zako, na treni haijapunguza hata hatua moja ya mwinuko.

Kompyuta tunayoizungumzia kwa kawaida ni ya mtumba, desktopu iliyostaafu kwenye ofisi ya Ulaya au Marekani, ikapita Kariakoo kabla ya kupandishwa huku. Chukua Dell OptiPlex 7010, mashine ya mwaka 2012. Nyingi zimekuja na Core i5-3470 yenye viini vinne. Wanaopenda gemu huichomekea GeForce GTX 750 Ti ya mwaka 2014, na wana sababu nzuri: kadi hiyo hula wati 60, na matoleo yake mengi hayadai waya wa umeme wa peke yake. Hilo si jambo dogo, maana pawa saplai ya kasha dogo la OptiPlex ina wati 240 na waya huo haumo.

GTA V ilipotoka kwa kompyuta Aprili 2015, watengenezaji wake walipendekeza prosesa gani? Core i5-3470, hiyo hiyo. Kadi waliyoipendekeza ni GTX 660, ambayo iko mbele kidogo ya 750 Ti. Maana yake, kwenye kasha hilo la mtumba prosesa ilishafikia kiwango tangu siku hiyo, na kadi ndiyo iliyobaki nyuma. Gemu zilizotoka baadaye zimeizidishia kadi mzigo, na gigabaiti zake 2 za kumbukumbu hujaa upesi.

Pamoja na hayo, kijana mwenye kasha hilo atashawishiwa anunue Core i7-3770. Inaingia kwenye soketi ile ile bila kubadili mazabodi, na kwa makadirio ya Intel inakula wati 77 sawa na i5, kwa hiyo LUKU haitashtuka. Ila mwendo wake wa juu kabisa ni gigahezi 3.9 dhidi ya 3.6. Tofauti hiyo ni asilimia 8 hivi. Mbele ya kadi iliyoelemewa, hutaiona.

Halafu kuna hili jina la i7, ambalo mjini limekuwa cheo. Kuna laptop za i7-4600U zenye viini viwili tu, na mwenye nayo humcheka mwenzake wa desktopu ya i5 yenye vinne. Kuna i3-8100 ya mwaka 2017, yenye viini vinne vya gigahezi 3.6, inayoweza kuketi meza moja na i5 nyingi za zamani bila aibu. Anayeuza kwa herufi na tarakimu moja bila kutaja kizazi cha prosesa anakuuzia stika.

Kabla ya kutoa pesa, pima. Kipimo ni cha bure. Zima kwanza kile kifungo cha V-Sync, maana hufunga fremu zisizidi uwezo wa skrini na kukuharibia hesabu. Cheza mahali pamoja pa gemu ukiangalia idadi ya fremu, kisha shusha ukubwa wa picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Pikseli zimepungua kutoka zaidi ya milioni mbili hadi laki tisa na kitu. Kadi imetuliwa zaidi ya nusu ya mzigo, na kazi ya prosesa ni karibu ile ile. Fremu zikiruka juu, kadi ndiyo iliyokuwa inakuchelewesha, na prosesa mpya itakuongezea kidogo au isikuongezee kabisa. Zisipotikisika, basi prosesa ndiyo inayosubiriwa. Task Manager ya Windows nayo husaidia: kadi ikikaa karibu na asilimia 100 muda wote wa mchezo, ndiyo iliyoelemewa.

Hali ya kinyume ipo pia, na imeingia hadi kwenye vibanda vya PlayStation. PS4 ya mwaka 2013 ilikuwa na prosesa dhaifu, viini vinane vya gigahezi 1.6. Mwaka 2016 ikaja PS4 Pro: nguvu ya kuchora ilizidi mara mbili, lakini prosesa ilifika gigahezi 2.1 tu. Gemu nyingi zilizokuwa zikienda kwa fremu 30 zilibaki 30. Picha ilizidi kung'aa, mwendo ukawa ule ule.

Sasa ile nusu ya jibu iliyo ya kweli. Idadi ya wastani huficha mambo. Gemu inaweza kuonyesha fremu 45 kwa wastani, lakini kila ukikata kona kuingia mtaa mpya inaganda kidogo, kisha inaendelea. Mara nyingi huko kuganda kunatokana na prosesa iliyobanwa: viini vinne vyote vina kazi, na Windows nayo inadai yake. i7-3770 ina viini vinne pia, lakini kila kimoja hupokea kazi mbili kwa wakati mmoja, na hapo inaweza kulainisha mchezo bila kuongeza fremu za juu. Na mwenye prosesa ya viini viwili, mathalani i3-3220, akiibadilisha ili acheze Counter-Strike 2, atapata mabadiliko makubwa hata kwa kadi ile ile ya zamani. Gemu hiyo huitegemea sana prosesa.

Mimi ningeanza na RAM. Kompyuta nyingi za mtumba zinauzwa na kijiti kimoja. Ukiweka viwili vya DDR3 ya 1600 vilivyo sawa, njia ya data inapanuka kutoka gigabaiti 12.8 kwa sekunde hadi 25.6, kwa bei ndogo kuliko ya prosesa. Ukishafungua kasha, puliza vumbi na ubadilishe ile pesti ya kupoozea iliyokauka. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia mwendo yenyewe, na hapo mwenyewe atadhani imezeeka.

Kuna jambo moja ambalo i7 ya 2012 haiwezi kulinunua. Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10, na mwezi huo huo NVIDIA ikaacha kuziandalia kadi za enzi ya 750 Ti dereva za gemu mpya. Windows 11 rasmi inadai Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, na 3770 ni ya kizazi cha tatu. Mwenye bajeti ya kununua prosesa leo na kadi mwakani afadhali avumilie, aziunganishe pesa hizo apate desktopu ya kizazi cha nane.

Wa kutolewa kwenye ushauri huu ni mpenzi wa Football Manager. Gemu yake haina picha nyingi za kuchora. Inakokotoa matokeo ya mamia ya mechi za ligi alizozifungua, siku baada ya siku ya msimu, na hesabu hizo karibu zote ziko kwenye prosesa. Huyo ainunue hiyo 3770, na aiache 750 Ti yake ipumzike.