Askari na Nyumba Yake: Ajuaye Silaha Yake na Ajue Pia Koki Yake

Wengi wetu tuliopita katika utumishi wa jeshi na polisi tumeishi miaka mingi ndani ya kambi, na kambi ina desturi zake. Bomba likipasuka, mtu hupeleka taarifa kwa msimamizi wa majengo. Taa ikizimika, husubiri fundi wa kikosi. Gari likigoma, hukokotwa hadi karakana. Haya si mabaya, kwa maana kila mmoja ana kazi yake. Lakini siku askari anapojaliwa kununua kiwanja, akasimamisha nyumba ya matofali na kuiezeka mabati, hapo ndipo anapogundua kwamba yeye mwenyewe amekuwa msimamizi wa majengo, fundi wa kikosi na mkuu wa karakana kwa pamoja.

Mimi nililijua jambo hili kwa njia ya uchungu. Mwaka wa 2014 nilikuwa katika kikosi chetu cha kulinda amani mjini Mogadishu, nchini Somalia. Nyumba yangu, iliyo nje kidogo ya mji wa Bombo, ilikuwa haijatimiza mwaka tangu tuhamie. Usiku mmoja, yapata saa nane, simu ililia. Alikuwa mke wangu. Sauti yake ilitetemeka, na nyuma yake nilisikia maji yakiporomoka. Alisema, "Baba Musa, bomba la jikoni limechomoka, maji yamejaa hadi sebuleni. Koki ya kufungia iko wapi?"

Ndugu msomaji, sikujua. Mimi niliyeweza kufungua bunduki na kuiunga tena gizani, sikujua koki ya nyumba yangu iliko. Fundi aliitia ardhini siku ambayo mimi nilikuwa kazini, nami sikuuliza. Mke wangu alihangaika karibu saa nzima, hata jirani mmoja mzee akaja na tochi, akafunua nyasi kando ya ua na kuikuta chini ya kifuniko cha saruji. Magodoro yalilowa, unga uliharibika, na vitabu vya shule vya watoto viliharibika pia. Hayo yote hununuliwa. Lakini baadaye niliambiwa jambo lililoninyima usingizi kwa siku nyingi: waya wa kuongezea umeme, wenye matundu manne, ulikuwa umelala sakafuni majini, na mwanangu wa miaka minane alikuwa amekwisha kunyosha mkono ili auchomoe. Mama yake alimvuta kwa nyuma.

Tangu siku hiyo nimejifunza, na haya niyaandikayo ni kwa faida ya wenzangu ambao wana nyumba, au wanaoweka akiba ili wawe nazo.

RAMANI YA NYUMBA

Jambo la kwanza halihitaji fedha. Kama vile mlinzi apokeavyo zamu kwa kuonyeshwa kila mlango na kila kona, vivyo hivyo mwenye nyumba yampasa kujua mahali pa vitu vitatu: koki kuu ya maji, swichi kuu ya umeme, na koki ya mtungi wa gesi, ikiwa nyumba yatumia gesi. Akishajua, amwonyeshe mke au mume, watoto waliofikia umri wa kuelewa, na msaidizi wa nyumbani. Kisha kila mmoja aifunge na kuifungua kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu koki isiyoguswa miaka mitatu huganda kwa kutu, na siku ya haja hukataa kuzunguka. Inafaa kuizungusha walau mara mbili kwa mwaka.

MAJI

Bomba huchomoka usiku zaidi kuliko mchana, na sababu yake ni wazi. Usiku watu wengi wamelala, maji hayatumiki, na msukumo katika mabomba huongezeka. Kiungo kilicholegea ambacho mchana kilivumilia, usiku hushindwa. Kwa hiyo, mara moja kwa mwezi, pitisha mkono chini ya sinki na nyuma ya choo. Ukikuta unyevu, hiyo ndiyo taarifa ya upelelezi. Usingoje adui afike langoni.

Bomba linalodondoka matone nalo hudharauliwa. Weka kikombe chini yake kwa saa moja, kisha pima. Ukipata nusu lita, basi kwa siku umepoteza lita 12, na kwa mwezi wa siku 30 lita 360, yaani madumu 18 ya lita 20. Hakuna mtu ambaye angemwaga madumu 18 barabarani kwa hiari yake, lakini wengi huyalipia kila mwezi bila kunung'unika.

Dawa yake mara nyingi ni kipande cha mpira, ile washa ndogo iliyo ndani ya kichwa cha bomba. Funga koki kuu. Fungua bomba ili maji yaliyobaki yatoke. Fungua kichwa kwa spana, toa washa iliyochakaa, uende nayo dukani ili upate nyingine ya ukubwa ule ule. Irudishe, kaza kwa kiasi, kisha fungua koki kuu polepole. Ikiwa maji yavuja kwenye maungio, zungushia nyuzi za bomba ule utepe mweupe wa mafundi, ukifuata upande wa kukazia, ili usijikunjue unapokaza.

UMEME

Hapa yatupasa kuwa na adabu kubwa zaidi. Kosa la maji hulowesha. Kosa la umeme huua. Kanuni ya kwanza ni kwamba maji yakiingia ndani, hakuna mtu anayekanyaga penye maji ili kuchomoa waya. Huzimwa swichi kuu kwanza, nayo izimwe na mtu aliyesimama pakavu. Ikiwa hiyo swichi yenyewe imezungukwa na maji, watu watoke nje na shirika la umeme liitwe.

Pili, ni lazima tufahamu maana ya fyuzi. Fyuzi ni mlinzi anayekubali kufa ili nyumba ipone. Umeme ukizidi kiasi, ule uzi mwembamba huyeyuka na kukata njia. Wapo watu ambao fyuzi ikiungua huweka msumari, au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na taa ikiwaka hujisifu kuwa mafundi. Hao wamemwondoa mlinzi na kuweka sanamu mahali pake. Msumari hauyeyuki, kinachoyeyuka ni waya ulio ndani ya ukuta, na moto huanzia huko.

Tufanye hesabu ndogo. Umeme wa majumbani hapa Uganda ni wa volti 240. Birika la wati 2,400 huvuta ampea 10. Pasi ya wati 1,200 huvuta ampea 5. Ukiviweka vyote viwili katika waya mmoja wa kuongezea, wenye plagi ya fyuzi ya ampea 13, umevuta ampea 15. Fyuzi ikikatika, haijafanya kosa, imetimiza wajibu. Tenganisha vyombo hivyo, kisha weka fyuzi nyingine ya kipimo kile kile. Taa ya mezani hutosheka na fyuzi ya ampea 3, basi usiipe 13 kwa sababu tu ndiyo iliyokuwapo dukani.

Mwenye nyumba aweza kubadilisha balbu, fyuzi na plagi, baada ya kuzima. Lakini soketi inayotoa moshi, swichi inayopasha moto kidole, harufu ya mpira unaoungua, au bomba linalokurusha ukiligusa, hayo si yake. Azime swichi kuu na kumwita fundi mwenye leseni. Kujua mpaka wa ujuzi wako si woga.

Kuhusu jikoni, maneno ni machache. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutulia chini sakafuni. Ukisikia harufu yake, usiwashe wala usizime taa, funga koki ya mtungi, fungua milango na madirisha. Uvujaji hutafutwa kwa povu la sabuni. Asiyetaka kuunguza nyumba hautafuti kwa kiberiti. Na jiko la mkaa lisilale chumbani pamoja na watu hata kama baridi ni kali kiasi gani. Sumu ya hewa yake haina harufu, nayo humchukua mtu usingizini.

GARI

Mwenye nyumba wa siku hizi mara nyingi ana gari pia, aghalabu lile lililokwisha kutumika Japani kabla ya kuja kwetu. Gari la namna hii ni kama askari mkongwe: linatumika vizuri likiangaliwa. Ukaguzi wa asubuhi hauchukui dakika tano. Tazama chini kama kuna doa la mafuta. Chomoa kijiti cha oili, kipanguse, kirudishe, kichomoe tena na kusoma. Tazama maji ya rejeta katika chupa yake wakati injini ikiwa baridi, na mafuta ya breki katika kichupa chake. Piga jicho matairi yote manne, na la tano, lile la akiba, ambalo wengi hulikumbuka siku ya pancha na kulikuta nalo halina upepo.

Likichemka safarini, subira ndiyo fundi wa kwanza. Yeyote apandaye milima ya kuelekea Kabale ameona magari yamesimama kando, boneti zimefunuliwa. Mshale wa joto ukipanda, egesha, zima injini, ungoje walau nusu saa. Usiguse kifuniko cha rejeta. Kabale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na huko maji ya sufuria huchemka karibu na nyuzi 94. Lakini ndani ya rejeta maji yamefungiwa kwa mgandamizo, nayo yaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Mtu akifungua kifuniko, mgandamizo huondoka ghafula, maji hugeuka mvuke papo hapo na kumrukia usoni. Injini ikisha kupoa, fungua kwa kitambaa kinene, kidogo kidogo, ndipo uongeze maji.

Katika kubadilisha tairi, utaratibu ni huu: egesha mahali pa tambarare, mbali na kona, kaza breki ya mkono, zuia magurudumu mengine kwa mawe, weka kibao cha pembetatu chenye kung'aa nyuma ya gari, mbali ya kutosha kumwonya ajaye. Legeza nati kidogo wakati tairi lingali limekanyaga ardhi, kisha ndipo unyanyue kwa jeki. Kaza nati kwa kupishana, si kwa kuzunguka. Wala mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Na ukiondoka, ondoa mawe na matawi barabarani. Wenzetu wa polisi wa usalama barabarani wanajua ni madhara gani huletwa usiku na jiwe lililosahauliwa.

Betri ikiwa imekufa na umepata gari la kukusaidia, unga waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha kwenye chanya ya betri nzima. Waya mweusi uanzie hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho ishikwe kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Sababu ni kwamba betri hutoa gesi inayolipuka, na cheche hutoka pale waya wa mwisho unapogusa. Kwa sababu hiyo hiyo, sigara isikaribie.

FUNDI NA DAFTARI

Hata mwenye bidii hatakwepa mafundi. Fundi mwema apewe heshima na malipo yake, lakini mtake akuonyeshe kifaa kibovu alichokitoa, akueleze kilivyoharibika, na mpatane bei kabla ya kazi. Kisha weka daftari. Andika tarehe, kilichoharibika, kilichofanywa na gharama. Sisi tuliozoea daftari la zamu hatuna sababu ya kulikosa nyumbani. Pampu ikitengenezwa mara tatu katika miezi sita, daftari ndilo litakalokuambia kwamba yafaa kununua nyingine.

Tena kila mwezi tenga fedha kidogo kwa ajili ya mambo haya kabla ya kuzitumia kwa mengine. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta hujengwa kwa mkopo, na mkopo hukatwa katika mshahara.

Nilipopangwa tena kwenda Somalia, mwaka wa 2017, nilitumia siku mbili za likizo yangu kuizunguka nyumba pamoja na mke wangu na watoto. Tulipaka rangi nyekundu kifuniko cha koki. Tuliandika majina juu ya kila swichi katika sanduku la umeme. Mwanangu, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na mmoja, ndiye aliyezima na kuwasha, akitaja kila chumba kwa sauti.

Miezi mitano baadaye simu ililia tena usiku. Mke wangu alisema, "Bomba la bafuni limepasuka. Koki nimekwisha kuifunga, na umeme Musa ameuzima. Nilitaka tu ujue kwamba kesho fundi atakuja." Nikamshukuru, nikarudi kulala.

Wewe usomaye haya ukiwa zamuni, ikiwa hujui koki ya nyumba yako iliko, piga simu nyumbani leo, kungali mchana, mwambie aliyeko aitafute.