Kihispania: Ukikosea irabu moja tu, 'usishuke' inakuwa 'hashuki'

Tuseme wewe ni dereva wa watalii kule Maasai Mara. Umebeba mzee kutoka Madrid, na simba jike amelala hatua chache tu kutoka barabarani. Mzee ameshika kitasa cha mlango, simu mkononi, anataka picha kali. Unapaza sauti: "¡No baja!" Anakutazama tu. Manze, hujamkataza. Umesema "hashuki", kama mtu anayepiga stori kuhusu abiria mwingine. Ulichohitaji ni "¡No baje!"

Wengi wanaojifunza Kihispania huteleza hapa kwa sababu wanadhani ukishaweka "no" mbele ya kitenzi, kazi imeisha. La. Mwisho wa kitenzi nao lazima ubadilike.

Lakini hebu tulia, kwa sababu ukijua Kiswahili nusu ya kanuni hii unayo tayari. Tunasema "soma", lakini tukikataza hatusemi "usisoma". Ile a ya mwisho inageuka e: "usisome". Vitenzi vya Kihispania vinavyoishia na -ar hufanya vivyo hivyo. Hablar ni kusema. Kumwambia rafiki aseme ni "habla" (h haitamkwi), na kumkataza ni "no hables". Tena Kihispania hakina ujanja wetu wa "jibu" na "rudi", vitenzi ambavyo havibadiliki ukikataza, wala "usistress" ya mtaani. Kitenzi cha kawaida cha -ar hakikwepi e.

Vya -er na -ir ndivyo vinavyosumbua, maana vinakwenda kinyume: e inageuka a. Comer ni kula. "Come" ni kula wewe, "no comas" ni usile. Abrir ni kufungua: "abre", kisha "no abras". Hapa Kiswahili hakikusaidii, itabidi mdomo uzoee.

Sasa, ile s ya mwisho ni ya rafiki, mtu wa rika lako. Kwa mzee wetu wa Madrid unaiondoa, kwa heshima: "no baje", "no coma", "no abra". Wakiwa wengi unaweka n: "no bajen", "no coman", ambayo kwetu ni "msishuke", "msile". Watu wa Uhispania wana umbo lingine la wingi wakiongea na marafiki, "no bajéis", lakini Amerika ya Kusini hutalisikia. Ukianza na n utaeleweka kote.

Kuna mtego wa maandishi pia. Tocar ni kugusa, lakini usiguse ni "no toques", si "no toces", kwa sababu c ikifuatwa na e hupoteza sauti ya k. Kwa sababu kama hiyo, llegar, kufika, inatoa "no llegues". Ukiongea tu hutaona tofauti. Ukituma meseji, itaonekana.

Na jambo ambalo mimi binafsi naona ni gumu kuliko yote: kiwakilishi kinahama. "Ningoje" ni "espérame", me ikiwa imegandishwa mwishoni. Ukikataza, inaruka mbele ya kitenzi: "no me esperes". Sisi tunasema "usiningoje" na ni- inakaa palepale kabla ya kitenzi, haina haja ya kusafiri.

Kwa hivyo turudi garini. Simba ameamka, na mzee ameanza kuteremsha kioo. "No abra la ventana", usifungue dirisha. Familia iliyo kiti cha nyuma imeanza kupiga kelele: "no griten", msipige kelele. Na kama kuna aliyeshuka tayari, mwambie "no corra", usikimbie. Ukisema "no corre" atadhani unamzungumzia simba.