Bunge, Elimu na Vijana: Mjadala Unapata Wapi Nguvu?

Katika darasa moja la itikadi tulilofundisha Rwamishenye, kata ya Manispaa ya Bukoba, tulikuwa tukieleza wajibu wa Bunge. Kijana mmoja mwendesha bodaboda, aliyemaliza kidato cha nne katika shule ya kata, alinyoosha mkono akauliza: "Ndugu mkufunzi, mbunge anasimama Dodoma anaomba walimu wa hesabu. Waziri anajibu kwamba Serikali italeta walimu kadiri fedha zitakavyopatikana. Wote wanapiga meza. Sasa sisi tumepata nini?"

Darasa lilicheka. Sisi hatukucheka. Swali lile ni la msingi, na kada asiyeweza kulijibu hana haki ya kusimama mbele ya vijana kuwafundisha siasa. Makala hii ni jaribio la kulijibu.

ELIMU NI DAI LA KISIASA

Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 11, inaitaka Mamlaka ya Nchi iweke utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kufanya kazi na haki ya kujipatia elimu. Inaitaka Serikali ifanye juhudi ili watu wote wapate fursa sawa na za kutosha za elimu na mafunzo ya ufundi. Lakini Katiba hiyo hiyo, katika ibara ya 7, inasema masharti ya sehemu hiyo hayatatekelezwa na mahakama. Maana yake ni kwamba mzazi wa Rwamishenye ambaye mwanawe hana mwalimu wa fizikia hawezi kwenda mahakamani kumdai mwalimu huyo kwa kutumia ibara ya 11.

Je, basi ibara hiyo ni pambo? La. Dai hilo limeachwa katika uwanja wa siasa, na katika uwanja huo hakimu ni umma kupitia vikao vyake, na kikao kikuu ni Bunge. Ibara ya 63 inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, kumwuliza waziri maswali, kujadili utekelezaji wa kila wizara wakati wa bajeti, kuidhinisha mipango na kutunga sheria. Kwa hiyo Bunge likijadili elimu kwa ulegevu, mzazi yule hana kwingine kwa kukata rufaa.

Historia yetu inatukumbusha jambo hili. Mwaka 1967 tulipata siasa ya Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, katika Azimio la Musoma, iliamua kwamba elimu ya msingi kwa wote ipatikane ifikapo Novemba 1977, wakati lengo la awali lilikuwa mwaka 1989. Sheria ya Elimu Namba 25 ikafuata mwaka 1978. Wakati ule Chama kilishika hatamu, na uamuzi mkubwa ulipikwa katika vikao vyake kabla ya kupelekwa Bungeni. Tangu mwaka 1992 tumo katika mfumo wa vyama vingi. Ilani ya Chama bado ndiyo dira ya Serikali iliyochaguliwa, lakini lazima ithibitishwe hadharani, mbele ya wanaoipinga, kwa hoja na kwa tarakimu.

MBUNGE ANAWEZA NINI?

Wananchi wengi wanadhani mbunge hodari anaweza "kuleta" fedha. Hapa kuna kutoelewa ambako makada hatuna budi kukuondoa. Ibara ya 99 ya Katiba inalizuia Bunge kushughulikia pendekezo la kuongeza kodi au matumizi ya fedha za umma, isipokuwa pendekezo hilo litoke kwa Rais kupitia kwa waziri. Mbunge anaweza kupendekeza kupunguza, kuongeza hawezi.

Ndiyo maana wakati wa kupitisha mafungu ya wizara tunasikia mbunge "ameshika shilingi". Anatoa hoja ya kuondoa shilingi moja katika mshahara wa waziri. Hakuna anayeitaka shilingi ile. Ni kigingi cha kumfunga waziri asiondoke mpaka atoe maelezo ya kuridhisha. Mbunge akiirudisha shilingi kwa ahadi yenye tarehe, idadi na fungu, amefanya kazi. Akiirudisha kwa "tumelipokea", amerudi mikono mitupu, hata kama hotuba yake ilisikika nchi nzima.

Tena ipo saa ya kila jambo. Dai la madarasa au maabara huanza katika mkutano wa mtaa, huenda katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha Baraza la Madiwani, ambamo mbunge naye ni mjumbe, kisha mkoani na Hazina. Mkutano wa bajeti wa Bunge huanza Aprili na kumalizika Juni. Ombi linalomfikia mbunge mwezi Juni limekuta vitabu vya makadirio vimekwisha kupigwa chapa. Mara nyingi tunamlaumu mbunge mwezi Julai kwa jambo ambalo sisi wenyewe hatukulisema katika mtaa mwezi Oktoba.

SHILINGI ELFU KUMI

Tuchukue mfano. Ada ya shule za msingi ilifutwa kwa mara nyingine mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM. Mpango huo uliweka ruzuku ya uendeshaji ya dola 10 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, ambazo wakati huo zilikuwa kama shilingi 10,000. Mwaka 2016 elimu bila malipo ilipofikishwa hadi kidato cha nne, ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ilikuwa bado shilingi 10,000, na ya sekondari 25,000. Lakini mwaka huo dola 10 zilikuwa zaidi ya shilingi 21,000.

Sasa tufanye hesabu. Mwaka wa masomo una siku 194. Shilingi 10,000 zikigawanywa kwa siku hizo ni takriban shilingi 52 kwa mtoto kwa siku, kwa chaki, karatasi za mitihani, vitabu na ukarabati.

Mbunge akiuliza, "Je, Serikali ina mpango gani wa kuboresha elimu?", atajibiwa kwa maneno mazuri na swali litakufa. Akiuliza kwa nini ruzuku ya mwaka 2002 imebaki vile vile mwaka 2016 wakati bei zote zimepanda, hapo hakuna maneno ya kujifichia. Kumpa mwakilishi wetu swali la namna hii ni kazi ya kada.

AGIZO LIKIGEUKA SHERIA

Mfano wa pili unahusu vijana. Kwa miaka mingi halmashauri ziliagizwa zitenge sehemu ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake na vijana. Agizo lilikuwa agizo tu: aliyetaka alitekeleza, asiyetaka alitoa udhuru. Mwaka 2018 Bunge liliingiza jambo hili katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa: asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba.

Tangu hapo Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alikuwa na kipimo cha kukagulia. Ukaguzi ulifichua mikopo isiyorejeshwa na vikundi hewa, na Aprili 2023 Serikali ilisimamisha utoaji wa mikopo hiyo ili kupanga utaratibu mpya, kabla ya kuirejesha mwaka 2024. Wapo waliosema jambo hili lilionyesha kwamba sheria imeshindwa. Sisi tunaona kinyume. Wizi uliojificha ndani ya agizo ulionekana ndani ya sheria. Hata hivyo tusisahau nani aliyelipa gharama: kijana mwaminifu wa Rwamishenye, aliyetaka mkopo wa cherehani au wa pikipiki asiendelee kupeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, alisubiri zaidi ya mwaka kwa makosa ya wengine.

NANI KWANZA?

Huduma za umma zina swali gumu zaidi: fedha zisipotosha, nani atangulie? Watu wa Bukoba wanalijua swali hili kwa uchungu. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 liliua watu, likabomoa nyumba na kuharibu shule za sekondari za Ihungo na Nyakato. Michango ilipokelewa kutoka ndani na nje. Januari 2017, akiwa Bukoba, Rais Magufuli alieleza kwamba Serikali itajenga upya taasisi za umma, na wananchi wajenge wenyewe nyumba zao.

Hoja ya kujenga shule kwanza ina uzito wake, maana shule huhudumia vizazi. Na mwananchi aliyelala chini ya turubai naye alikuwa na hoja. Uamuzi wa namna hii ukitolewa bila mjadala wa kutosha, hata ukiwa sahihi, huacha kinyongo. Bunge lipo ili uamuzi mgumu uelezwe, upingwe, utetewe, na anayeumia ajue kwa nini.

WINGI SI UKIMYA

Hapa tujikosoe. Mwishoni mwa Januari 2013 Ndugu James Mbatia, mbunge wa upinzani, alileta hoja binafsi kuhusu udhaifu katika elimu, ikigusa mitaala na vitabu. Hoja hiyo haikukubaliwa na Bunge. Wiki chache baadaye yakatangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012: karibu watahiniwa 6 katika kila 10 walipata sifuri. Serikali ikalazimika kuunda tume, na matokeo yakapangwa upya.

Hatusemi kwamba kila neno la hoja ile lilikuwa sahihi. Tunasema kwamba wingi wa viti unaweza kuishinda hoja, lakini hauwezi kuongeza mwalimu hata mmoja darasani. Nidhamu ya Chama ni kutekeleza kwa pamoja tuliyokubaliana baada ya kujadiliana kwa uhuru. Nidhamu ya kukaa kimya mbele ya ukweli hukigharimu Chama kuliko inavyomgharimu mpinzani, kwa sababu wanaofeli ni watoto wa wakulima na wafanyakazi, wale wale tunaodai kuwasemea.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Januari 2025 toleo jipya la Sera ya Elimu na Mafunzo lilizinduliwa. Linaweka elimu ya lazima ya miaka 10 na kutilia mkazo mafunzo ya amali. Wajibu wa makada ni kuhakikisha kwamba karakana, zana na walimu wa amali wanajadiliwa kwa idadi, kata kwa kata, la sivyo tutarudia kosa la miaka ya 1970: kujaza madarasa haraka kuliko tulivyoandaa walimu.

Kwa hiyo tunamjibu hivi yule kijana wa Rwamishenye. Umepata jibu tupu kwa sababu swali lilikwenda tupu. Hesabu vipindi vya hesabu ambavyo havikufundishwa katika shule uliyosoma. Viandike. Vipeleke katika mkutano wa mtaa kabla ya bajeti, vifuatilie katika kata na kwa diwani, umkabidhi mbunge. Atakaporudi kutoka Dodoma, mwulize mbele ya watu: shilingi uliishika, uliirudisha kwa ahadi gani? Na mwaka ujao mwulize tena swali lile lile.

Maneno matupu hayavunji mfupa. Mjadala wa Bunge unapata nguvu pale umma unapoupa hoja kabla haujaanza, na kuudai matokeo baada ya kwisha.